Punda afe, mzigo ufike?

Kuna methali mbili za Kiswahili kuhusu punda ambazo kila mmoja wetu amekua nazo. Ya kwanza inasema shukrani ya punda ni mateke. Ya pili inasema punda afe, mzigo ufike. Tunazitumia ofisini, sokoni na hata kwenye vikao vya misikiti yetu, ama kumsema mtu asiye na fadhila, ama kuhimizana kazi. Ni nadra kwetu kuzitazama kama maneno yanayomhusu punda mwenyewe.

Ndugu msomaji, katika makala hii nataka tuzitazame hivyo. Katika miaka ya karibuni elimu imefunua mengi kuhusu asili ya punda, farasi na wanyama wengine wa kufugwa, na kwa maoni yangu mambo hayo yanamgusa Muislamu katika dini yake. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mnyama ambaye mwanadamu alimtoa porini, akambadilisha kizazi baada ya kizazi mpaka akawa hana tena pa kurudi, anatudai nini?

MIFUPA INASEMA NINI

Kila kiumbe hai hubeba ndani ya chembechembe za mwili wake maelekezo aliyoyarithi kwa wazazi wake. Hayo ndiyo yanayoitwa DNA, au vinasaba. Mnyama akifa, vinasaba huanza kukatikakatika. Hata hivyo, mahali penye baridi na ukavu vipande vyake vinaweza kubakia kwa maelfu ya miaka, hasa ndani ya meno na katika mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Wataalamu hutoboa mfupa huo, huchukua unga kidogo, huvitenga vile vipande katika maabara, kisha huvisoma na kuvilinganisha na vya wanyama walio hai leo. Joto ni adui mkubwa wa kazi hii, ndiyo maana mifupa ya nchi za baridi husema mengi kuliko ya nchi zetu.

Mwaka 2021 jopo la wataalamu lililoongozwa na Ludovic Orlando wa Toulouse, Ufaransa, lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kusoma vinasaba vya farasi wa kale 273. Walikuta kwamba farasi wote wa kufugwa wa leo wanatokana na farasi wa nyika za Urusi, upande wa chini wa mito Volga na Don. Miaka kama 4200 iliyopita farasi hao walianza kuenea, na ndani ya karne chache wakachukua nafasi ya farasi wengine karibu kila mahali, kuanzia Ulaya mpaka Asia. Jambo lililonishughulisha zaidi ni kwamba farasi hao walitofautiana na wenzao katika sehemu mbili za vinasaba. Moja inahusiana na uimara wa mgongo, na nyingine inahusiana na utulivu wa tabia. Kwa maneno mengine, wafugaji wa wakati ule waliwapendelea farasi wenye mgongo wa kubeba na moyo usioshtuka ovyo, wakawazalisha hao. Utafiti mwingine wa kundi hilo hilo, uliotoka mwaka 2024, ulionyesha kuwa katika kipindi hicho muda kati ya kizazi na kizazi ulifupishwa. Maana yake ni kwamba uzazi wa farasi ulikuwa umeshaingia mikononi mwa binadamu.

Kuhusu punda, habari inatuhusu sisi wa upande huu wa dunia. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliosoma vinasaba vya punda 207 wa zama hizi na punda 31 wa kale. Matokeo yake ni kuwa punda wote wa kufugwa duniani, awe wa China, wa Ireland au wa Lamu, wana asili moja, na asili hiyo iko mashariki ya Afrika, miaka kama 7000 iliyopita, wakati ambapo Sahara ilikuwa ikigeuka kutoka nchi ya majani kuwa jangwa. Watu walihitaji mnyama anayevumilia kiu na njia ndefu, na punda akapatikana. Kutoka huku akapanda Misri, akavuka kwenda Asia na Ulaya. Watafiti hao walikuta pia mifupa ya punda katika shamba moja la zama za Warumi huko Ufaransa, punda warefu kupita kiasi, ambao vinasaba vyao vilionyesha kuwa walizalishwa ndugu kwa ndugu ili wapatikane madume makubwa ya kuzalisha nyumbu.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji hata vinasaba. Huko Abydos, Misri, karibu na jengo la mazishi la mfalme mmoja wa mwanzo kabisa wa nchi hiyo, yalifukuliwa mazishi ya punda kumi waliozikwa miaka kama 5000 iliyopita. Walizikwa kwa heshima. Lakini wataalamu walipoipima mifupa yao, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, walikuta pingili za uti wa mgongo zina alama za kuumizwa na mizigo mizito. Mzigo ulifika, na mgongo ukaandika.

NI SISI AU NI ALLAH?

Nilipowaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha tano habari hizi, mmoja aliuliza swali ambalo nadhani wasomaji wengi wanalo. Alisema: Mwalimu, Qur'an inatufundisha kuwa Allah (s.w.) ndiye aliyetutiishia wanyama. Sasa wataalamu wanasema ni watu ndio waliomfanya farasi awe mtulivu kwa kuchagua na kuzalisha. Tumuamini nani?

Ni swali zuri na halistahili kujibiwa kwa hasira. Wapo ndugu zetu ambao wakisikia neno vinasaba hudhani tayari wanaingizwa katika mjadala wa Darwin kuhusu asili ya mwanadamu, wakafunga masikio. Hapa hatuzungumzii hilo. Kwamba mfugaji huchagua dume zuri na kizazi kikabadilika ni jambo analolijua kila Mmasai, kila Mgogo na kila mfuga njiwa wa Kariakoo. Waarabu walihifadhi nasaba za farasi wao kwa ulimi kabla hakujakuwa na maabara yoyote. Kilichoongezeka leo ni kwamba nasaba inasomwa kwenye mfupa.

Ama jibu lenyewe, turudi kwenye Qur'an. Katika Suratu Ibrahim, aya ya 32, Allah anatutajia kuwa ametutiishia majahazi ili yapite baharini kwa amri yake. Hakuna aliyewahi kudhani kuwa jahazi limeota ufukweni kama mkoko. Jahazi huchongwa na fundi, mbao kwa mbao, na bado Qur'an inasema ni Allah aliyetutiishia. Hivyo basi, kutiishiwa kitu hakufuti kazi ya mkono wa binadamu. Allah ndiye aliyeumba mbao inayoelea, upepo unaosukuma na akili ya fundi. Vivyo hivyo, ndiye aliyeweka ndani ya farasi na punda uwezekano wa kutulia, na ndani ya binadamu akili ya kuuona uwezekano huo.

Anayetaka dalili amtazame punda milia. Ni jamaa wa karibu wa punda na farasi, na ameishi jirani na watu wa nchi zetu kwa zama na zama. Wajerumani walipoitawala nchi hii walijaribu kumfanya mnyama wa kazi, kwa sababu farasi wao walikuwa wakifa kwa maradhi. Jaribio lile halikufika popote, na punda milia yuko Serengeti hadi leo, hana mzigo wala lijamu. Akili na kiboko vilikuwepo, lakini si kila mgongo umefunguliwa kwa ajili yetu. Ndiyo maana katika dua ya kupanda kipando, iliyomo katika Suratuz-Zukhruf, tunafundishwa kukiri kwamba sisi wenyewe tusingekiweza kipando hicho. Tunaisoma dua hiyo tukiwa ndani ya basi na ndege, na ni vyema. Lakini waliofundishwa mwanzo walikuwa juu ya mgongo wa kiumbe mwenye nguvu kuliko wao, ambaye angetaka angewaangusha.

MLANGO ULIOFUNGWA

Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha hoja yangu. Wengi wetu tunaichukulia habari ya kutiishiwa wanyama kama ruhusa iliyokamilika: nimepewa, ni changu, nikitumie nitakavyo. Utafiti huu unaonyesha upande mwingine. Farasi aliyechaguliwa kwa utulivu wake amepokonywa woga uliokuwa ukimlinda. Mnyama wa mwituni akionewa hukimbia, na akikimbia ana kwao. Punda wa kufugwa akionewa hana pa kwenda, kwa sababu miaka kama 7000 imepita tangu mlango ule ufungwe. Na baadhi ya wale waliobaki nje ya mlango wametoweka au wamebaki wachache. Ng'ombe mwitu, babu wa ng'ombe wengi tunaowafuga, alikwisha mwaka 1627 alipokufa wa mwisho wake huko Poland. Ngamia mwitu wa nundu moja hayupo tena duniani. Punda mwitu wa Afrika wamebaki wachache mno, huko Eritrea na Ethiopia.

Kwa hiyo, unyenyekevu wa mnyama wa kufugwa hauwezi kuchukuliwa kuwa ni idhini yake. Ukimya wake ni matokeo ya kazi yetu. Na mtu aliyemnyang'anya mwingine uwezo wa kujitetea, je, si wajibu wake kumtetea? Hili tunalikubali kwa yatima na kwa mgonjwa. Nasema kwa mnyama nako lina nafasi yake.

Sheria yetu yenyewe inatambua kuwa mnyama aliyeingia nyumbani ni kitu kingine. Angalieni hukumu ya punda. Punda mwitu ni halali. Sahaba Abu Qatada alimwinda na Mtume (s.a.w.) alikula nyama yake. Ama punda wa kufugwa, Mtume aliikataza nyama yake siku ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, na jamhuri ya wanachuoni wameshikamana na katazo hilo. Umbo ni moja, masikio ni yale yale, lakini hukumu ni mbili. Sababu ya katazo wanachuoni wameijadili. Zipo riwaya zinazotaja unajisi, na Ibn Abbas (r.a.) alitaja uwezekano kwamba ni kwa kuwa punda hao walikuwa wabebaji wa mizigo ya watu. Sidai kuwa nimeijua hekima ya Allah katika hilo. Ninachosema ni kwamba mpaka kati ya mwitu na nyumbani, ambao wataalamu wanautafuta leo katika vinasaba, wanafiqhi waliuwekea hukumu zamani.

Tena mafunzo ya Mtume (s.a.w.) yalikwenda mbali zaidi ya nyama. Imam Muslim amepokea kuwa Mtume alimpita punda aliyechomwa alama usoni, akamlaani aliyefanya hivyo. Na katika riwaya ya Abu Dawud, aliingia katika bustani ya mmoja wa Ansari, akakuta ngamia anayelia. Akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamuita mwenyewe na kumuuliza kama hamuogopi Allah juu ya mnyama ambaye Allah amemmilikisha, kwani analalamika kuwa anashindishwa na njaa na kuchoshwa kwa kazi. Tuzingatie hapo. Umiliki haukuwa udhuru wa yule Ansari. Umiliki ndio uliokuwa sababu ya yeye kuulizwa.

Mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, Sheikh Izzud-Din bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliorodhesha katika kitabu chake cha Qawaaidul-Ahkaam haki za mnyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kumgharimia chakula hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena, kutombebesha asichokiweza, kutomchanganya na mnyama atakayemdhuru, na kutomchinja mtoto wake mbele ya macho yake. Haya yameandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Hiyo haki ya mnyama mzee ndiyo inayogongana uso kwa uso na methali yetu. Methali inasema mzigo ukifika hesabu imekwisha. Sheikh anasema mzigo ukifika, na mgongo ukachoka, bado kuna deni.

SISI WA MJINI TUNAHUSIKA VIPI?

Msomaji wa Ilala au Mombasa anaweza kusema: Mimi sina punda wala farasi, makala hii apelekewe mtu wa Dodoma. Ndugu yangu, mara ya mwisho ulikula kuku lini? Kuku wa nyama tunayemwita wa kisasa ni mnyama aliyezalishwa kwa kuchaguliwa kwa ukali zaidi kuliko farasi wa Volga. Anafika mezani akiwa na wiki tano au sita, na kifua chake hukua haraka kuliko miguu inayokibeba. Kisha tunamfunga miguu, tunamning'iniza kichwa chini kwenye baiskeli au bodaboda pamoja na wenzake ishirini, kutoka bandani mpaka sokoni juani. Halafu tunauliza swali moja tu: amechinjwa na Muislamu? Swali hilo ni la lazima. Lakini Mtume aliyetufundisha kuchinja alitufundisha pia kunoa kisu na kumpumzisha mchinjwa, na mateso ya saa tatu njiani hayafutwi na bismillahi ya dakika moja.

Na punda naye hayuko mbali na miji yetu kama tunavyodhani. Yuko Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na yeye ndiye gari. Yuko kwenye mikokoteni ya maji na mchanga katika miji mingi ya bara. Hapa niseme jambo zito. Katika miaka ya karibuni punda wa Afrika wamekuwa wakichinjwa kwa wingi ili ngozi zao zipelekwe China, zichemshwe na kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Wengine waliibwa usiku kwa wenyewe. Mama aliyekuwa akitekewa maji na punda aliamka asubuhi akakuta kamba tupu, na mzigo ukahamia mgongoni kwake au kwa binti yake. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ni hatua njema, ila makubaliano ya Addis Ababa hayatalinda zizi la Singida iwapo mnunuzi na muuzaji wa hapa kwetu hawaoni kosa.

Wapo watakaoniuliza: Mbona ng'ombe anachinjwa na ngozi yake inauzwa, tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba ng'ombe Allah ametuhalalishia nyama yake, na tunapomchinja tunakula na kulisha. Punda kwetu si chakula. Amepewa kazi ya kubeba na kupandwa, na pia kuwa pambo, kama inavyotaja Suratun-Nahl aya ya 8. Kumuua ili achunwe tu, kwa kiasi cha kummaliza, ni kumtoa katika kazi aliyotiishiwa kwetu. Mimi si mufti, na fatwa iwaendee wenyewe. Lakini nasema dhamiri ya Muislamu haipaswi kusubiri fatwa ili ishtuke.

Na wapo upande wa pili, hasa huko Ulaya, wanaosema kuwa kufuga kwenyewe ni dhulma, na kwamba mwanadamu angewaacha wanyama wote. Huruma yao naiheshimu, ila rai yao siikubali. Tukimwachia punda leo atakwenda wapi? Kwao hakuna tena. Kumfungulia mlango mtu uliyembomolea nyumba yake si kumpa uhuru. Dini yetu haikutukataza kupanda wala kubeba. Ilitutaka tujue tumepanda nini. Aya ya 7 ya Suratun-Nahl inawataja wanyama wanaotubebea mizigo mpaka nchi ambazo tusingezifikia ila kwa mashaka, kisha inamalizia kwa kumtaja Mola kuwa ni Mpole, Mwenye kurehemu. Aya inayozungumzia mzigo kufika imefungwa kwa rehema. Na katika Suratu Yaasin, baada ya kutajwa kuwa wanyama wamedhalilishwa kwetu tupande na tule, linafuata swali: hivi hawashukuru?

Swali la shukrani, basi, linaelekezwa kwetu. Sisi tulimtungia punda methali kuwa shukrani yake ni mateke. Miaka 7000 amebeba maji, chumvi, nafaka, mawe ya majumba na wagonjwa wetu. Shukrani yetu kwake imekuwa nini, zaidi ya fimbo?

Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa Siku ya Kiyama haki zitarejeshwa kwa wenyewe, mpaka mbuzi asiye na pembe alipiziwe kwa mwenye pembe. Mbuzi hana akili wala hakuletewa kitabu, na bado hesabu yake itafanywa. Mimi na wewe tumepewa vyote viwili. Kwa hiyo ukimuona mtu anampiga punda aliyelemewa, mkataze kwa hekima. Ukinunua kuku, muulize muuzaji amewasafirishaje. Na walimu wenzangu wa madrasa, tunapowafundisha watoto mlango wa kuchinja, tuwafundishe pia haki za mnyama kabla ya kisu, na haki za yule asiyechinjwa kabisa.

Wallaahu a'alam.